Theluji Iliyochelewa Siku Nane

Fiorenza hakuwa mtu wa kubembeleza kompyuta, sembuse kumbembeleza bosi wake, Tassinari.

"Kamba yako imelegea, mama," bosi alisema, amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. "Modeli inakwenda inakotaka. Ikaze, au saa sita mchana kompyuta nawapa watu wa modeli ya bahari."

Ikaze! Neno hilo lilimchoma. Modeli ya hewa ya dunia ukiiachia hujitungia hali ya hewa yake. Kwa hiyo, kila baada ya muda wa saa sita, Fiorenza aliivuta kidogo, kama kwa kamba, kuelekea pepo zilizopimwa kweli tangu mwaka 1979. Ukiivuta mno unaikaba, mawingu yake yanakosa la kusema. Miezi mitano ya jasho lake ilikuwa humo. Lakini ukweli ni ukweli: miaka ya mwanzo pepo za modeli na zile zilizopimwa zilifuatana kama chanda na pete, kisha kadiri miaka ilivyosonga zikazidi kuachana.

"Kamba haina kosa," alisema.

"Basi kosa liko wapi?"

"Si umesema saa sita? Ningoje."

Kamba hakuigusa. Alifungua Februari 2012, akatafuta theluji. Siku ile Bologna ilifukiwa, na dada yake Loretta akaingia kanisani kuolewa amevaa buti za baba yao chini ya gauni. Jumamosi, tarehe nne. Picha ipo ukutani kwa mama. Kwenye modeli, tarehe nne jua linawaka. Tarehe tano, jua. Theluji ileile, nzito vilevile, ilishuka tarehe kumi na mbili.

Siku nane. Akahesabu miaka mirefu kwa vidole: themanini, themanini na nne, themanini na nane... Vidole vinane. Lo! Kalenda ya modeli yao haikuijua Februari ishirini na tisa. Kila mwaka mrefu ulipopita ilitangulia siku moja zaidi, na modeli ikapewa upepo wa jana, halafu wa juzi, nayo ikautii bila kinyongo.

Saa tano na nusu, siku zikiwa zimesogezwa mahali pake, alimwekea Tassinari mistari miwili ya upepo, wa modeli na uliopimwa. Ililaliana miaka yote.

Mzee aliitazama mpaka kahawa ikapoa. "Haya, umenishinda. Mpumbavu gani aliandika kalenda hii?"

Fiorenza alimfungulia faili ya kalenda, mstari wa kwanza kabisa: *I. Tassinari, 1994*.

Bosi akasoma. Akakohoa. Masikio yakamwiva.

"Iendeshe modeli upya toka mwanzo," alisema. "Watu wa bahari watangoja."

"Na kamba, bosi?"

"Iache ilivyo."