Karatasi za Mwisho za Sanduku la Kumi na Sita

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Tangu alfajiri manyunyu hayakukatika, na dirisha la chumba cha kusomea lilijaa ukungu hata geti halikuonekana. Nilifika kabla ya wenzangu, nikapiga magoti kati ya rafu, nikaomba kama ninavyoomba kila siku: Mungu, nipe mikono ya upole, nisiharibu kazi ya mtu. Sikujua kwamba ombi hilo lilikuwa limechelewa wiki tatu.

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mfagizi wa jengo hili la kuhifadhi nyaraka. Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka hamsini na miwili, na nilipoweza kusoma bila kufuatisha kidole, Mkuu wetu alinihamishia kwenye masanduku. Wenzangu wakanibatiza jina la Mwanafunzi.

Sanduku la kumi na sita lilikuwa la mtengeneza filamu mmoja wa zamani, enzi za filamu zisizo na sauti. Filamu zake ziliungua zote ghalani. Kilichobaki ni barua, orodha za mavazi, na vipande mia moja na kumi na viwili vya karatasi ngumu. Kila kipande kina sentensi moja, yale maneno yaliyokuwa yakioneshwa kwenye pazia ili watazamaji wajue waigizaji wanasema nini. Aliyeyaandika alikuwa mtunzi wa vitabu, na filamu ilitokana na kitabu chake mwenyewe. Vipande havikuwa na namba. Mtengeneza filamu alikuwa akibadilisha mpangilio kila mara, kwa hiyo alivibana tu kwa pini, furushi baada ya furushi, kwa jinsi vinavyofuatana.

Aliyenifundisha kazi ni mhifadhi tunayemwita Miwani. Siku aliponikabidhi sanduku hilo alisema, "Dada, hizo pini zina kutu, zinakula karatasi. Zitoe zote. Ila kipande hata kimoja kisipotee."

"Na nikishazitoa?"

"Bahasha safi, basi. Usiniulize maswali ya mtihani, mimi si mwalimu wako."

Wiki hiyo darasani tulikuwa tumejifunza kutafuta neno kwenye kamusi. Ninyi mliosoma utotoni hamwezi kujua furaha ile. Nilipoviona vipande vimelala mezani, A ikiwa chini ya T, nikajiuliza mtu akitaka sentensi fulani ataipataje. Nikavipanga vyote kwa herufi. Ilinichukua siku mbili. Pini nikazitupa. Nilipomaliza nilimshukuru Mungu hadi machozi yakanitoka.

Jumanne hiyo, saa nne kamili, akaingia Bibi, binti wa yule mtunzi, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Ana miaka tisini na miwili. Mjukuu ndiye aliyetuandikia barua kuomba wasomewe karatasi hizo, maana macho ya Bibi hayaoni tena maandishi.

"Wewe ndiye utanisomea?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Soma kwa sauti. Masikio nayo yanataka kustaafu."

Akatueleza alichokifuata. Dada yake mkubwa alifukuzwa nyumbani na baba yao, akafia mbali. Mwaka uliofuata baba akaandika kitabu kuhusu binti anayerudi nyumbani usiku wa mvua, na baba yake anamkana mlangoni. "Mama alikisoma kitabu kile, hakuongea na baba mwaka mzima," alisema. "Lakini alipokaribia kufa aliniambia kwamba kwenye filamu baba alibadilisha mwisho. Mimi sikuiona, nilikuwa mtoto mchanga. Nataka kujua tu kama alimfungulia."

Miwani, aliyeketi nasi mezani, akatoa barua ya mtunzi kwenda kwa mtengeneza filamu, nikaisoma: "Mwisho nimeubadilisha. Tusibishane tena. Utauona kwenye karatasi za mwisho."

Bibi akashika ukingo wa meza. "Haya. Nisomee karatasi za mwisho."

Nikafungua bahasha. Karatasi ya mwisho ilisema, "Zima taa, mke wangu." Iliyotangulia, "Yupo nani huko nje?" Kabla yake, "Wiki ya tatu mvua haijakoma." Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya.

"Haya, alimfungulia?" Bibi akauliza.

Nikapekua kurudi nyuma, hadi mkononi mwangu vikawa vipande viwili vilivyofuatana. Kimoja, "Huyu simjui." Kingine, "Ingia, mwanangu." Vimekaa hivyo kwa sababu ya H na I, si kwa sababu nyingine. Ndani ya hadithi binti anagonga mara mbili, kitabuni iko hivyo. Alipogonga mara ya kwanza alijibiwa nini, na mara ya mwisho alijibiwa nini? Vipande pekee havisemi.

Miwani alinipokonya kwa upole, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha kutafuta alama za kutu. Alijaribu kwa nusu saa. Alipata jozi tisa ambazo kutu yake ililingana. Hivi viwili vina tundu moja kila kimoja, mahali pale pale, kama vingine hamsini.

"Hamkupiga nakala kabla ya kutoa pini?" akauliza Mkuu, aliyekuwa amefika mlangoni.

"Mashine ya kunakili mbovu tangu mwezi wa kwanza," Miwani akajibu. "Nilikuandikia."

Mkuu akanivuta pembeni, akaninong'oneza. "Msomee hicho cha 'Ingia, mwanangu', useme ndicho cha mwisho. Aende kwa amani. Nani atakuuliza?"

Nilimkumbuka Mungu wakati huo, lakini sikumsikia. Nilitaka sana kusema uongo ule. Nilirudi mezani, nikaketi mbele ya Bibi.

"Bibi, vipo vyote viwili. Kumkana kupo, na kumkaribisha kupo. Kipi kilikuwa cha mwisho sijui, na hakuna atakayejua. Vilikuwa vimepangwa. Mimi nilivipangua nikavipanga kwa herufi, kwa sababu nimejua kusoma uzeeni, na wiki hiyo nilikuwa nimejifunza kamusi."

Mjukuu akaziba mdomo.

"Nilidhani nasaidia," nikaongeza.

"Nimesubiri miaka sabini," akasema. "Sikuja hapa kusikia mtu alidhani."

"Bibi, twende," mjukuu akasema.

"Ngoja. Huyu amejua kusoma uzeeni, sivyo? Basi na kuandika anajua." Akageuza uso wake kwangu, macho yakitazama penye bega langu. "Atakuja mtu mwingine afungue bahasha hii, aseme baba yangu aliandika upuuzi usio na kichwa wala miguu. Utafanyaje?"

Nilisimama. Mkuu alikuwa mlangoni, Miwani dirishani, mjukuu ameshika koti la bibi yake.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wanne, naahidi: leo hii, kabla sijatoka katika jengo hili, nitaandika juu ya bahasha kwa mkono wangu kwamba karatasi hizi zilikuwa na mpangilio, kwamba mimi ndiye niliyeuvunja, na jina langu kamili nitaliweka chini yake."