Shahidi wa Utotoni

Usiku wa jana niliota nimefika kliniki kupimwa ADHD, ule ugumu wa akili kutulia mahali pamoja. Nina miaka arobaini na moja. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama ninalo tatizo hilo kweli, au ni mzembe kama dada zangu wanavyosema.

Benchi la kusubiri limejaa vitu nilivyowahi kupoteza. Miavuli, funguo, kandambili za mguu mmoja mmoja. Vimekaa kwa adabu. Hakuna kinachonisalimu, na sivilaumu.

Daktari ni sufuria yangu, ile niliyounguzia maharage Jumapili. Amevaa koti jeupe.

"Umakini wako uko wapi?" anauliza.

"Ninao hapa."

"Huna. Umetoka."

Nikageuka. Kweli, umakini wangu unatokomea kwenye korido, umevaa sare yangu ya shule ya msingi. Mgongo wake ni mdogo mno. Nikataka kuukimbilia, kiti kikanishika mkono.

"Tulia," kikasema kwa upole. "Si ndivyo wanavyokwambia wote?"

Sufuria hakutaka mengi. "Lete mtu aliyekujua ukiwa mtoto. Bila shahidi, naandika mzembe."

"Aliyenijua hasa ni mama. Alishafariki."

"Sawa. Atafika saa ngapi?"

Hapo kliniki ikawa jiko letu la zamani. Mama amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, anakoroga mchuzi kwa mkono wa kushoto. Mchuzi unatokota bila sauti.

"Chumvi iko wapi, Mwanakombo?"

"Mama, ulinituma nikiwa darasa la tatu."

"Najua. Bado nasubiri."

Nikaogopa, nikatamani pia kumkumbatia. Sufuria akakohoa. "Bi Mkubwa, huyu ni mzembe?"

"Mzembe hajali," mama akasema bila kugeuka. "Huyu alikuwa anarudi mikono mitupu, analia. Nikawa namfungia fundo kwenye ncha ya kanga ili akumbuke. Akifika dukani analiona fundo, hajui la nini."

"Mbona hukuniambia kitu, mama?"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Na mimi nilikuwa nafunga."

Akainua kanga yake. Imejaa mafundo kutoka ncha hadi ncha. Akaanza kuyapapasa. "Hili sijui la nini. Na hili. Na hili." Akaendelea hivyo mpaka sufuria akavua koti. Kisha akafika kwenye moja, vidole vikasimama.

"Hili nalikumbuka," akasema, akalihamishia kwenye kanga yangu.

Nikaamka. Kumekucha, na miadi yangu kliniki ni leo. Jana nilitaka kuwapigia niahirishe, kwa kuwa walisema nije na mtu aliyenijua utotoni, nami sina wa kunisemea.

Kanga niliyojifunika ina fundo kwenye ncha. Limezungushwa kushoto, kama alivyofunga mama. Nikalifungua kwa meno. Ndani mna chumvi ya mawe, bado ina joto la jiko.

Nimelifunga tena. Nakwenda nalo.