Patrobas Aje Mwenyewe

“Patrobas Makokha ni nani hapa?”

“Ni mimi, madam,” Phares akajibu mbio mbio, kama mtu anayeitwa kupokea chakula.

Mazoea ndiyo yaliyojibu. Jina hilo alikuwa ameliitikia miaka mingi hata mwili wake ulilijua, ukasimama wenyewe kabla ya akili kuulizwa.

Mwanamke wa ofisi ya wageni alikuwa na miwani puani na muhuri mkononi, wino umeshaushika. Mbele yake palilala karatasi za Kahin, kijana aliyesimama kando ya Phares: pasipoti ya Jibuti, barua ya chuo, picha zake ndogo amekaza shingo, risiti ya kodi ya nyumba yenye jina hilo, na barua ya mwenye nyumba kusema kijana huyu analala kwangu na ninamjua. Kilibaki kitambulisho cha mwenye nyumba. Phares akakitoa mfukoni, akakipangusa kwa shati, akakisukuma chini ya dirisha kwa fahari kidogo.

Mwanamke akakisoma. Akaitazama risiti. Akakisoma tena. Muhuri ukarudi polepole mahali pake.

“Hapa pameandikwa Phares Mukhwana.”

“Huyo pia ni mimi.”

“Mzee, mnaishi wangapi humo ndani yako?”

Foleni nyuma ikacheka. Phares naye akacheka, akidhani kicheko kitamsaidia. Hakikumsaidia. Mwanamke alifungua droo, akaitia pasipoti ya Kahin ndani, akaifunga kwa goti.

“Ijumaa mchana mniletee Patrobas Makokha mwenyewe, na kitambulisho chake. Akikosa, huyu kijana anarudi kwao. Na wewe, mzee, tutakuja kukuuliza pale pale kwenye anwani ya risiti.”

“Madam, nikihama nyumba je?” Kahin akauliza. “Nikaleta barua ya mtu mwingine?”

“Leo umeniletea mtu mmoja mwenye majina mawili. Ukihama kesho nitajua ulikuwa unakimbia nini. Ijumaa. Anayefuata!”

Walirudi kwa miguu. Mvua ya El Nino ilikuwa imetulia kidogo, lakini Muthurwa ilikuwa tope tupu, na kiatu cha kushoto cha Kahin kiliachama soli kila hatua, kikimeza maji na kuyatema. Walipoishika Jogoo Road, kijana akamgeukia.

“Mzee Phares, mimi nilidhani Patrobas ni jina lako la kanisani. Pale plotini majirani wote wanakuita Patro.”

“Wote wananiita hivyo, ndiyo.”

“Basi yuko wapi huyo mwenyewe?”

“Amelala.”

“Wapi?”

“Webuye. Chini ya migomba, kando ya mama yake.”

Kahin alisimama barabarani. Gari likampigia honi, na Phares akamvuta mkono kama mtoto.

Patrobas alikuwa mjomba wake Phares. Nyumba ya kaunsil, ya kupanga kwa serikali ya jiji, aliipata zamani, alipokuwa bado na nguvu zake, na mapafu yalipomshinda akamwachia mpwa wake ufunguo na maneno machache: lipa kodi kwa jina langu, usiguse kitu. Kisha akaenda nyumbani kufa. Walimzika vizuri, wakamlilia, lakini hakuna aliyepeleka habari ofisi ya nyumba, kwa kuwa nyumba ni ya yule aliyeandikwa, na aliyeandikwa akifa nyumba inarudi, anapewa mwingine. Katika mtaa ule halikuwa jambo la ajabu. Jirani yao Mutie, dereva wa lori, alilipa kodi kwa jina la mwanamke. Marehemu wengi walikuwa bado wanadaiwa ada za taka na maji.

Phares hakuwa na pengine pa kwenda. Kiwanda cha sabuni kilipopunguza watu, alichukua nyundo, uzi wa nailoni na kile chuma chenye umbo la mguu, akaketi juu ya sanduku karibu na stendi ya Donholm, akawa fundi viatu. Watu aliwajua kwa visigino. Anayekanyagia nje ana haraka, anayekanyagia ndani ana mzigo, alisema. Kahin alikuja pale mvua zilipoanza, mgeni kabisa, anatafuta mtu wa kumshonea kiatu na chumba cha kulala. Alikuwa ameshajaribu kwa binamu yake Eastleigh, ila chumba kilijaa watu na redio, na yeye amekuja kusoma uhasibu. Kiswahili alikipata kwa mama yake, mwenyeji wa Kismayu. Phares akakitazama kisigino chake: kimelika sawasawa pande zote.

“Huyu ni mtu mnyoofu,” alimwambia mkewe jioni ile, na wakamkatia kona ya sebule kwa pazia.

Sasa mkewe, Triza, alisikiliza habari ya ofisini huku anasonga ugali, mwiko ukizidi kupiga sufuria.

“Ulimjibu ni wewe? Baba Annah! Kwani karani wa nyumba alikuwa pale?”

“Limenitoka.”

“Na kitambulisho kikatoka nacho! Heri ungekisahau.” Aliugeuza ugali, akaupiga mgongo. “Haya. Ukienda kusema Patrobas alikufa, sisi tutalala wapi? Annah atafanyia wapi mtihani wake?”

“Nisiposema, huyu atafukuzwa.”

Wote wawili walikumbuka kwamba pazia halizuii sauti. Nyuma ya pazia karatasi ilifunuliwa, ikafunuliwa tena, kama mtu anayesoma.

“Mwite ale,” Triza akasema kwa sauti ya chini.

Kahin alikula kwa adabu, akanawa, akashukuru. Halafu akasema, bila kumtazama yeyote, “Baba yangu aliuza ngamia wake wa mwisho. Nilimwambia huku watu ni wema.”

“Na hatujawa wabaya,” Triza akasema.

“Hapana, mama. Hamjawa wabaya.”

Alhamisi Phares alikwenda ofisi ya nyumba, kofia mkononi. Njiani maneno aliyapanga vizuri: mjomba alifariki, mimi ndiye ninayekaa, niandikeni jina langu, nitalipa kama nilivyokuwa nikilipa. Mbona yalikuwa mepesi njiani! Kando ya mlango walikaa watu kwenye benchi, wenye kuomba nyumba, mama mmoja na mtoto mgongoni, na mzee aliyeegemea ukuta amelala mdomo wazi kama mkazi wa benchi lile.

Munyao, karani wa nyumba, alimwona kutoka ndani.

“Patrobas! Ingia, ingia. Nyinyi, mpisheni huyu, huyu hanisumbui hata siku moja.” Akainua mguu juu ya meza. “Tazama kisigino hiki. Mke wangu anasema natembea kama bata.”

“Unakanyagia nje, mkubwa. Una haraka.”

“Kazi! Kazi itaniua. Haya, umeleta shida gani?”

Phares akaitazama kofia yake. Akamtazama yule mama mlangoni, ambaye naye alikuwa akimtazama kwa macho makali kama ya mtu anayehesabu vyumba vyake.

“Nilipita tu kukujulia hali.”

“Ndiyo maana nakupenda! Kesho nikipita mtaani kukagua nitakuletea kiatu hiki. Asubuhi.”

“Karibu, mkubwa.”

Nje alimpita yule mama bila kumsalimu.

Ijumaa kulikucha na manyunyu. Kahin alikuwa tayari, shati limepigwa pasi, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, mfuko wake juu yake. Hakuna aliyemwambia afunge godoro. Alikaa juu ya kigoda, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine ndani ya soksi.

“Acha tu, mzee Phares. Gundi itashika mpaka huko.”

“Kiatu hakiendi ofisini hivi.”

Phares alikivisha kile chuma cha umbo la mguu, akakipiga gundi, akashona ukingo kwa mishono myembamba, mmoja kandokando ya mwingine, kazi ambayo hakuwa na haja ya kuifanya. Triza aliweka chai, hakuna aliyeinywa. Kisha Phares akajaza misumari midogo mdomoni, kama ilivyo desturi ya mafundi, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa midomo na kuigonga kwenye kisigino.

Viatu vizito vikasikika uani, kimoja kikiburutwa.

“Hodi! Patrobas!”

Nyundo ikasimama hewani. Kahin akamtazama Phares. Triza akamtazama Phares, mkono wake umeshika mlango, haufungui wala haufungi.

“Patrobas! Uko? Nimekuletea kile kiatu!”

Kinywa cha Phares kilikuwa kimejaa chuma, na safari hii mwili haukuweza kuliitikia jina kabla ya akili kuulizwa. Alianza kutoa msumari mmoja, akauweka kiganjani. Akatoa mwingine. Nje manyunyu yalizidi, na yule karani akasogea chini ya ukingo wa bati, akabisha tena.