Koo la Mama Régine

Tangu ziwa limchukue mume wake Méschac, mwaka jana, Mama Régine hakuimba tena. Siku tatu alimwita kutoka ufukwe wa Kabuta, mpaka maiti ikapatikana. Na koo lake, lililokuwa likiongoza kwaya ya Wakongomani pale Nchelenge, likabaki limekwaruzika kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Aliambiwa litapona. Halikupona. Akarudi kwenye kazi yake ya kuanika chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa hilohilo la Mweru, akawa mtu wa kuitika kwa kichwa.

Asubuhi moja alikwenda sokoni Kashikishi kuchukua simu yake kwa Guylain, fundi, ambaye pia ndiye mpiga gita wa kwaya. Akamkuta amekaa, spika ndogo inanguruma mbele yake. Magita yalimiminika kama mvua juu ya mabati, bila kupumzika. Na ndani ya mvua ile kulikuwa na wimbo mtamu, wa polepole, unaopanda na kushuka. Kisha, humo ndani ya spika, mtu akapiga ukelele.

"Guylain! Ni nini hii? Ya mashetani?"

"Hapana, Mama. Banaita blak metal, muziki ya kupiga makelele. Kaka yangu Lévi njo alinitumia, kule Finlande banaipenda sana. Ni albamu muzima. Nizime?"

Régine alitaka kusema ndiyo. Lakini miguu ilikuwa inamuuma, na kigoda kilikuwa wazi. Akakaa.

"Acha kwanza."

Wakasikiliza nyimbo zote sita. Hakuelewa neno hata moja. Alichoelewa ni koo lile: limechanika, halina uzuri wowote uliobaki, na bado magita hayakulikimbia. Yalilizunguka, yakalibeba.

"Huyu mutu," akasema mwishowe, "hana sauti. Na banamuacha aimbe."

"Ndiyo, Mama."

"Utanipigia vile? Samedi, kwa maombi ya Méschac?"

Guylain akamtazama. "Kanisani? Pasteur Dominique atatufukuza."

"Basi tutaimbia inje."

Hawakufukuzwa. Jumamosi ile, mwaka mmoja kamili tangu mazishi, kwenye uwanja wa kanisa, Guylain alikimbiza vidole juu ya nyuzi kadiri gita lake la mbao lilivyoweza, na Régine akaimba wimbo aliokuwa akiupenda marehemu. Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikarudi. Bibi mmoja akaziba masikio. Mchungaji Dominique akainamisha kichwa, na hakuna aliyejua kama anaomba ama anaona aibu. Wanakwaya wawili, watatu, wakaingia kwenye kiitikio, kwa sauti ya chini.

Alipomaliza hakujisikia amepona. Alijisikia amechoka tu, kama mtu aliyeshinda shambani. Binti yake Princesse akamletea maji. Régine akayanywa yote, akavua viatu, akakaa kwenye majani kuwasikiliza wengine wakisimulia habari za Méschac.