Chaki ya Buluu Kidoleni

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya kidole changu mwenyewe. Sikushangaa sana. Jioni nilikuwa nimekikata kwa mkasi, na leo alasiri Mama Mgeni anakuja kuchukua gauni la harusi la bintiye, ambalo shanga zake bado zimo kwenye bakuli. Mimi ni fundi cherehani. Bila kidole hicho sindano hainitii.

Mkasi ndio ulionipeleka. Njiani uliniomba radhi, ukasema ulidhani ni pindo.

Tunaingia chumba kilichojaa doti za kanga zisizokatwa, kila doti imefungwa katikati kwa kamba ya shanga. Bibi mmoja mnene anajitambulisha kuwa ni Kinasi, kimeng'enya, na kwamba ana haraka. Chumba, ambacho ni seli ya kidole changu, lazima kigawanyike viwili, kila upande upate nusu ya kila doti, ndipo kidonda kifunge. Ananipa chaki ya buluu. Shanga ikishapakwa chaki, kamba hukatika hapo saa ya kugawanyika ikifika.

"Shikamoo, Bi Kinasi. Nimpake nani?"

"Marahaba. Mpake Serini, mmoja wa shanga hizi za asidi amino. Ila usimtazame usoni, maserini wote sura moja. Tazama jirani yake wa kushoto. Akiwa Prolini, mpake. Akiwa mwingine, mpite."

Kazi inakwenda vizuri mpaka Serini mmoja ananiamkia kwa adabu, kisha anasema amesimama pale tangu asubuhi na hakuna aliyemgusa. Jirani yake ni Glisini. Huruma yangu ya kijinga ikanishika, nikampaka.

Doti ikachanika kabla ya wakati. Kazi ikasimama chumba kizima, na shanga zote zikanigeukia. Niliona aibu, nikaliona na gauni lile bila urembo, na Mama Mgeni mlangoni na gari la watu.

Bi Kinasi hakunigombeza. Alinipa kitambaa kibichi nifute chaki, nikaunga doti upya kwa mkono mbovu, huku Serini yule yule akinishikia uzi. Nilipofunga fundo la mwisho, doti zote zilikatika kwa pamoja, kuta zikajikaza katikati kama mdomo wa gunia, na chumba kikawa viwili. Bi Kinasi naye akawa wawili, wote wana haraka.

Mlangoni mlinzi alinizuia. Nikamwambia mimi ni Fundi Mwanamkuu.

"Sikukuuliza jina. Jirani yako nani?"

Nikamtaja Mama Shekiondo, anayeazima pasi yangu kila Ijumaa. Mlinzi akaniambia nisubiri, akaenda kuulizia. Aliporudi alinipaka chaki kwenye ncha ya kidole, akanifungulia.

Niliamka kwa hodi. Alikuwa Mama Shekiondo, amekuja kuazima pasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Fundi, usiku kucha kuna mtu ananiuliza kama nakujua," alisema. "Nikamwambia namjua, ni jirani yangu, sasa niache nilale."

Nilimpa pasi. Kidonda kilikuwa kimefunga, na juu yake pana alama ya buluu. Chaki zangu zote ni nyeupe. Sikuifuta, nilikaa nikavuta bakuli la shanga.