Milango ya Jemima

Nyumba yangu ina milango maelfu. Kila nitokapo hupitia mwingine, na aniletaye jibu lazima aingilie ule ule niliotokea. Ni nini? Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Majoreni na samaki wake wote, nami nakwambia: ni kompyuta. Ikitaka kuzungumza na mwenzake wa mbali, hujitafutia mlango wa muda, wenye nambari. Mazungumzo yakiisha, mlango hufungwa, na safari ijayo huchukua mwingine.

Bwana Griffin, meneja wa hoteli moja ya Diani mwaka wa tisini na nane, hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba wageni wake walikuwa wakihamia hoteli ya jirani, na kwamba kwenye kioo cha kompyuta ya Jemima, binti wa Kinango aliyepokea maombi ya vyumba, nambari ya mlango ilibadilika kila barua pepe ilipotoka. Akawaita wafanyakazi ofisini.

"Mtu mwaminifu ana mlango mmoja," akasema. "Huyu kila siku anatorosha siri zetu kwa mlango mpya. Jemima, kiri mbele ya wenzako, uombe msamaha, kazi ibaki. Ama ufunganye."

"Kiri, shoga, yaishe," Eunice wa jikoni akamnong'oneza.

Jemima hakujua ni nani aliyezichagua nambari zile. Alijua tu kwamba si yeye. Na jina la mwizi, ukijipaka mwenyewe, halitoki kwa sabuni.

"Sikiri," akasema. "Na wewe bosi, asubuhi ulipoandika barua, ulitokea mlango gani?"

"Usiniletee mchezo! Hapa mimi ndiye nauliza."

"Nami nimeuliza. Mlango gani?"

Jemima akavuta kiti chake mbele ya kompyuta. "Keti. Andika kwa mkono wako. Mimi nasimama kule, Eunice anishike mikono nisije nikaloga."

Watu wakacheka. Griffin, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama, akaketi. Akatuma barua, kioo kikaandika: 1044. Akatuma tena, kule kule: 1045. Akaipiga kibodi kama anayeua mende: 1046.

"Lo!" Eunice akapaza sauti. "Kumbe bosi naye mtoroshaji!"

"Bado nangoja, bosi," Jemima akasema. "Asubuhi ulitokea mlango gani?"

Griffin akaitazama mikono yake.

"Sijui, Jemima. Sikuuchagua mimi."