Mgonjwa wa Kuigiza

Vidonge vilikaa kwenye mfuko wa aproni yangu tangu Jumanne. Vilikuwa vinne, vyeupe, vidogo, bila boksi na bila jina, kwa sababu kaka yangu alikata kipande cha pakiti chenye maandishi akakitupa. Nilivichomoa chini ya godoro lake asubuhi ile niliyomkuta kwenye sakafu ya bafu, miguu imekakamaa, ananitazama kama hanijui.

"Nimeteleza tu," alisema alipopata sauti. "Na wewe Bubu, usiende kusema."

Bubu ni jina alilonipa utotoni, maana mbele ya watu sina maneno. Niliacha shule darasa la nne, na hilo lilichangia. Mwalimu akiniuliza swali, nilisimama mpaka kengele inalia.

Kaka ni bondia. Ijumaa alitakiwa kupanda mizani, na Jumamosi apigane pambano la kuchagua timu ya taifa. Uzito wake ulizidi kwa kilo tatu. Wiki nzima alikuwa anasukutua maji na kuyatema, na bado anakwenda chooni kila saa. Nilijua vidonge vinahusika. Sikujua ni vya nini.

Na kazi yangu wiki ile ilikuwa kugawa chai kwenye ukumbi wenye wafamasia thelathini. Walikuja kujifunza namna ya kuwahudumia wanamichezo: dawa zipi zinaruhusiwa, zipi zimekatazwa, na mfamasia afanye nini akiombwa asichopaswa kutoa. Mtu mwenye swali la kidonge angetaka nini zaidi? Siku mbili nilipita kati ya meza zao na birika, mkono mwingine mfukoni. Neno pekee lililonitoka ni "Sukari?"

Tena ukutani walibandika karatasi kubwa. Niliisoma taratibu, silabi kwa silabi, huku nakusanya vikombe. Iliandikwa kwamba mwanamichezo akikutwa na dawa iliyokatazwa anaweza kufungiwa miaka minne. Mkono ukazidi kuzama mfukoni.

Alhamisi, mwigizaji waliyemkodi awe mgonjwa wa zoezi hakutokea. Mkufunzi akatazama saa, akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Dada wa chai, hebu njoo. Leo utakuwa mgonjwa wetu."

"Mimi?"

"Kazi yake ni kukaa tu. Birika liache, halina mafua."

Akanipa karatasi. Nilikuwa mkimbiaji mwenye mafua, mashindano kesho. Wafamasia watatu wangenihoji mmoja mmoja, wenzao wakitazama.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye tai. Maswali yalimtoka kama mvua ya mawe. Una mzio? Una pumu? Una kisukari? Umetumia virutubisho? Una ujauzito? Nilijibu "eeh" kwa yote ili amalize haraka.

"Basi huyu hakimbii mbio," mtu wa nyuma alisema. "Huyu akimbizwe hospitali."

Ukumbi ukacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kichwa chini.

Wa pili alininyooshea kidole. "Unajua ukipatikana na dawa haramu utafungiwa? Unajua utaiaibisha nchi?" Niliusogeza mgongo mpaka kiti kikalia.

"Mgonjwa wako anataka kukimbia kweli," mkufunzi alimwambia, "na si kwenye mashindano."

Wa tatu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, mwenye duka la dawa karibu na stendi. Alikitoa kiti chake mbele yangu akakiweka ubavuni. Akaweka kalamu chini.

"Pole, mwanangu," alisema. "Utakachoniambia sitampelekea mtu."

Kisha akanyamaza. Nilisubiri aendelee, hakuendelea. Watu wakaanza kukohoa.

"Mama, muda," mmoja alisema.

"Wangu upo."

Nilitoa vile vidonge nikaviweka mezani.

"Si mafua," nikasema. "Ni kaka yangu."

Mkufunzi aligeuza karatasi yake. "Hilo halimo humu."

Yule mama alivitazama vidonge, akanitazama usoni. "Zoezi langu limekwisha, mwalimu. Sasa niko kazini."

Akanishika mkono tukatoka, akaufunga mlango nyuma yetu.

Kwenye korido nilimweleza yote, hata habari ya bafu. Alivisogeza vidonge kwenye mwanga wa dirisha, akasoma alama ndogo iliyochongwa juu yake.

"Ni dawa ya kutoa maji mwilini. Mgonjwa wa presha inamsaidia. Mtu anayejikausha kama kaka yako, inamwondolea na chumvi ambazo moyo unazitegemea. Miguu ilianza. Moyo unaweza kufuata."

"Atafungiwa?"

"Akipimwa, itaonekana. Sitakudanganya."

"Utamwambia kocha wake?"

"Siri ni yake, si yangu. Lakini asimeze kingine, na aje dukani leo hii. Akizimia au moyo ukienda mbio, msinitafute mimi, nendeni hospitali."

Kaka nilimkuta chumbani kwake anaruka kamba na makoti mawili mwilini. Nilipomwambia, kamba ilianguka.

"Umenitangaza ukumbi mzima!"

"Ukumbi haukusikia jina lako."

"Wageni wakija hata salamu huwezi. Siku umepata mdomo, unanisema mimi?"

"Nilikukuta sakafuni," nikasema. "Sitaki kukukuta tena."

Alikaa kitandani muda mrefu, anafungua bendeji za mikono. Halafu akauliza duka liko wapi.

Nyuma ya kaunta palikuwa na chumba kidogo chenye feni na viti vitatu. Yule mama alikaa ubavuni kwake, kama alivyokaa kwangu. Akampima presha, akarudia, uso ukakunjamana.

"Mama," kaka alisema, "nipe kitu cha kuitoa hii dawa mwilini kabla ya kesho. Najua mnavyo."

"Sina. Na ningekuwa nacho nisingekupa."

"Nimefanya mazoezi miaka sita kwa ajili ya Jumamosi hii!"

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekaa hapa na wewe." Alikuwa anaandika barua ya hospitali. "Wakupime damu leo. Mengine utaongea na kocha wako mwenyewe. Kukusaidia kuficha, siwezi."

Akanyamaza kile kimya chake. Na mimi, ambaye kunyamaza ndiyo fani yangu, nilinyamaza naye. Kaka alitutazama kwa zamu, kama mtu aliyebanwa kwenye kona ya ulingo. Akatoa simu.

"Kocha, uzito sifikii. Hapana, nisikilize. Nilimeza vidonge."

Kocha alifoka mpaka tukamsikia sote. Kaka aliiacha simu sikioni, macho yamelowa, mpaka ikakatika yenyewe.

Yule mama alikoroga dawa ya kurudisha maji kwenye glasi akanipa mimi. Nikampa kaka.

"Kidogo kidogo," mama alimwambia.

Kaka alipiga funda, akasukutua kwa mazoea, mashavu yamejaa, akageuka kutafuta pa kutema. Tulikuwa tunamtazama wote wawili.

Akameza.

"Chungu hiki, Bubu," alisema, akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama. "Haya, twende hospitali. Na ukifika mapokezi, utasema wewe."